ALIZALIWA OLDEANI, AKAWA MBUNGE KANADA MIAKA 22: Huyu Deepak Obhrai alikuwa nani?



Mada ya leo imetokana na ubishi. Juzi nilikuwa kafe hapa Chake, nimekaa kwenye ile mashine yenye herufi A inayotaka kupigwa mara mbili, mwenzangu pembeni anasoma habari za uchaguzi wa nje. Akasema kwa sauti, "Hawa Wazungu wanatudanganya na demokrasia yao. Mtu aliyezaliwa Afrika hawezi kuwa mbunge kule, na khasa kwenye kile chama cha wahafidhina." Nikamwambia yupo, na tena kazaliwa Tanzania. Hakuamini. Tukawekeana soda.

Soda nimekunywa. Lakini nilivyozidi kusoma habari za yule bwana nikaona jambo lenyewe ni zito kuliko soda, na linatugusa sisi vijana wa Pemba kuliko mnavyodhani. Basi tulieni niwaeleze moja moja.

NI NANI HUYU?

Jina lake Deepak Obhrai. Alizaliwa tarehe 5 Julai 1950 Oldeani, kule upande wa Karatu na Ngorongoro, nchi ya mashamba ya kahawa. Wakati huo nchi bado inaitwa Tanganyika na anaitawala Mwingereza. Asili ya wazee wake ni Wahindi, kama hawa Wahindi wenye maduka tunaowajua sote mijini. Amekulia Tanzania, na uhuru wa 1961 ulimkuta mtoto wa miaka 11.

Mwaka 1977 akahamia Kanada, mji wa Calgary, katika mkoa wa Alberta. Umri wake kama miaka 27. Hakwenda kama mkimbizi wa siasa wala mtoto wa balozi. Alikwenda kama wanavyokwenda wengi, kutafuta maisha. Huko akajiingiza kwenye shughuli za jumuiya za Wahindi wa mji ule, watu wakamjua, na tarehe 2 Juni 1997 akachaguliwa mbunge wa jimbo la Calgary East.

Yaani miaka 20 tangu ateremke kwenye ndege, mgeni yule yuko Bungeni Ottawa. Na hakutoka tena. Alishinda uchaguzi mara 7: 1997, 2000, 2004, 2006, 2008, 2011 na 2015. Alifariki tarehe 2 Agosti 2019 kwa saratani ya ini, umri miaka 69, akiwa bado mbunge. Wakati anafariki, katika chama chake hakuna mbunge aliyekuwa na miaka mingi mfululizo Bungeni kumpita yeye.

BUNGE LAO LIKOJE?

Hapa sisi Wazanzibari tuna bahati, tunafahamu haraka kuliko watu wengine. Sisi tuna Baraza la Wawakilishi kwa mambo ya Zanzibar, na tuna Bunge la Muungano Dodoma. Kanada ni hivyo hivyo. Kila mkoa una baraza lake na serikali yake, na juu kuna Bunge la nchi nzima Ottawa. Tofauti ni moja kubwa: kule mikoa yote 10 ina serikali zake, wakati kwetu Tanganyika haina ya peke yake. Hilo tuliache, tukilianza hapa hatutofika kwa Obhrai leo.

Obhrai alikuwa kwenye lile Bunge la juu. Alipoingia 1997 viti vilikuwa 301, na mwaka 2015 vikawa 338. Kila jimbo la uchaguzi linatoa mtu mmoja, mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata kama kura zake hazikufika nusu. Hapo pia tunafanana nao, ni mfumo wa Mwingereza ule ule.

Na waziri mkuu hachaguliwi na wananchi moja kwa moja. Chama chenye wabunge wengi ndicho kinachounda serikali, na kiongozi wake anakuwa waziri mkuu. Kwa hiyo kule ubunge ndio mlango wa kila kitu.

KWA NINI AKAENDA KWA WAHAFIDHINA?

Hili ndilo swali la mwenzangu wa kafe, na ni swali zuri. Mhafidhina ni mtu anayetaka kodi ndogo, serikali isiingie kila mahali, mambo ya mila na familia yasibadilishwe kwa pupa. Vyama vya namna hii katika nchi za Wazungu vina sifa ya kuwa vikali kwa wahamiaji. Sasa muhamiaji anafuata nini humo?

Jawabu la kwanza ni mahali. Alberta ni nchi ya mafuta. Mwaka 1980 serikali ya Ottawa chini ya Pierre Trudeau, baba yake Justin, ilileta mpango wa nishati ambao watu wa Alberta waliuona kama wizi. Mafuta yanatoka kwao, bei na mapato vinapangwa Ottawa. Walikasirika na hasira ile haijesha hadi leo.

Ndugu zangu, hii stori haikukumbusheni kitu? Na sisi tulikuwa na ubishi wetu wa mafuta na gesi, mpaka Baraza la Wawakilishi mwaka 2009 likataka yatolewe kwenye mambo ya Muungano, na mwaka 2016 Zanzibar ikapitisha sheria yake yenyewe ya mafuta na gesi. Kwa hiyo Mpemba akielezwa lalamiko la Alberta hahitaji mkalimani.

Kutokana na hasira hizo, mwaka 1987 bwana mmoja anaitwa Preston Manning aliunda chama kipya, Reform. Kauli yake ilikuwa kwamba watu wa magharibi mwa Kanada nao wanataka wahesabiwe. Mwaka 1993 kikapata viti 52, na chama kikongwe cha wahafidhina kilichokuwa madarakani kikabaki na wabunge 2. Si makosa ya kuandika, wawili tu nchi nzima! Mwaka 1997 Reform ikapata viti 60 ikawa chama kikuu cha upinzani. Katika hao 60, mmoja ni Obhrai.

Jawabu la pili ni hesabu. Calgary kwa miaka mingi ilikuwa ngome ya vyama hivyo. Fikirieni Pemba: mwaka 2005 na 2010 CUF ilichukua majimbo yote 18. Wakati ule ukitaka kuwa mbunge wa Pemba, kazi ngumu ilikuwa kura za maoni ndani ya chama, siku ya uchaguzi wenyewe ulikuwa unasubiri kutangazwa tu. Calgary ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2015 wapinzani wao Liberal walipopata viti 2 katika mji ule watu walishangaa.

Na jimbo la Obhrai, mashariki ya mji, ni upande wa watu wa kawaida, wafanyakazi na wahamiaji. Kuna mtaa kule eneo la Forest Lawn wenye migahawa ya mataifa mbali mbali, hadi mtaa wenyewe unaitwa Njia ya Kimataifa. Kwa hiyo mgeni akagombea kwenye mtaa wenye wageni, kwa chama chenye nguvu mjini. Ukiipiga hesabu hii unaona hakuwa na bahati tu. Alijua pa kusimama.

CHAMA KIKABADILI JINA MARA MBILI, YEYE YUPO

Mwaka 1997 aligombea kwa Reform. Mwaka 2000 Reform ikavunjwa ikaundwa Canadian Alliance, akagombea kwa hicho. Mwisho wa 2003 Alliance ikaungana na wale wahafidhina wa zamani, kikazaliwa chama cha Conservative, na kuanzia 2004 akagombea kwa hicho mpaka anakufa.

Hapa kwetu tuliona kitu kinachokaribiana na hicho Machi 2019, Maalim Seif Sharif Hamad, mtoto wa Mtambwe, alipotoka CUF na kuingia ACT-Wazalendo. Shusha tanga, pandisha tanga. Bendera zilibadilika usiku mmoja, mnakumbuka. Lakini kwa mbunge wa Tanzania kuna mtego: Katiba ya Muungano inasema ukiacha chama kilichokupeleka Bungeni, na kiti umekiacha. Na mgombea binafsi hakuna.

Kanada si hivyo. Mbunge akitaka kuhama anahama na kiti chake. Mwaka 2006 kuna bwana anaitwa David Emerson alichaguliwa kwa Liberal tarehe 23 Januari, na wiki 2 baadae akaibuka waziri katika serikali ya Conservative. Waliompigia kura walipiga kelele, lakini sheria haikumgusa.

Upi ni bora? Mie naona kila mmoja una ubaya wake. Wetu unamfanya mbunge amwogope katibu mkuu wa chama kuliko wapiga kura wake. Wao unamruhusu mtu kuchukua kura zako akaziuze sokoni. Mnasemaje nyinyi?

MIAKA YA SERIKALI

Obhrai alikaa upinzani karibu miaka 9. Mwanzo wa 2006 Stephen Harper, naye mbunge wa Calgary, akashinda na kuunda serikali. Obhrai akapewa kazi ya kumsaidia waziri Bungeni, upande wa mambo ya nje. Si waziri, na pia si naibu waziri kama wetu. Ni mbunge anayejibu maswali waziri asipokuwepo, anayesafiri kuiwakilisha serikali, anayepokea wageni. Zamani hapa Tanganyika wangemwita waziri mdogo.

Upande huo alikaa mpaka serikali inaanguka 2015. Katika muda ule wizara ya mambo ya nje ilipitia mawaziri 6: Peter MacKay, Maxime Bernier, huyo huyo Emerson aliyehama, Lawrence Cannon, John Baird na Rob Nicholson. Wanakuja, wanaondoka.

Yeye uwaziri hakuupata. Hata mara moja.

Hapo mie ndipo niliposimama kidogo. Mtu kashinda mara 7. Kazaliwa Afrika, asili yake Asia, anajua mabara mawili ambayo Wazungu wengi wanayasoma kwenye ramani. Serikali yao imekaa karibu miaka 10. Walioingia Bungeni baada yake wakapewa wizara, yeye akabaki msaidizi. Sisemi ni ubaguzi, sina ushahidi. Inawezekana Harper aliona wengine wanafaa zaidi, na waziri mkuu ana hesabu zake za mikoa na lugha. Lakini mtu ana haki ya kuuliza.

MWAKA 2017: ANATAKA KITI CHA JUU

Oktoba 2015 Conservative walishindwa, wakatoka viti 166 wakabaki na 99. Harper akaachia uongozi wa chama. Obhrai, mzee wa miaka 66 wakati anatangaza, akasema na mie nagombea.

Kugombea kwenyewe si bure. Ilibidi mgombea aweke dola 100,000 za Kanada, nusu yake ada na nusu dhamana. Karatasi ya kura ikawa na majina 14.

Sasa sikilizeni hapa. Mmoja wa wagombea wenzake, daktari Kellie Leitch, alikuja na hoja kwamba kila muhamiaji ahojiwe kwanza kama anakubaliana na maadili ya Kikanada. Ndio hoja iliyompa umaarufu. Obhrai alikuwa miongoni mwa waliompinga waziwazi. Maana ukishasema wageni wahojiwe maadili, mtu wa kwanza kutazamwa na majirani ni mwenye sura kama yake, hata kama amekaa Bungeni miaka 20. Ujumbe wake wa kampeni ulikuwa chama kifungue mlango kwa wahamiaji, maana bila wao hakitashinda.

Kura zikahesabiwa tarehe 27 Mei 2017. Walitumia utaratibu wa kupanga wagombea kwa namba, wa mwisho anatolewa kisha wanahesabu tena, ikafika raundi 13. Mshindi Andrew Scheer, kwa asilimia 50.95 dhidi ya Maxime Bernier.

Obhrai? Hata asilimia 1 hakufika. Leitch alipata 7 katika raundi ya kwanza.

Soma tena hizo namba taratibu. Mwanachama wa miaka 20, aliyewaambia wenzake "sisi wahamiaji ni wenzenu", kapata chini ya 1. Aliyetaka wahamiaji wahojiwe kapata 7. Hakuna kati yao aliyeshinda, na tusidanganye kwamba kura zote zile zilikuwa za hoja hiyo moja. Scheer na Bernier walikuwa vijana kuliko yeye, wenye pesa na mtandao. Lakini mie kama ningekuwa Obhrai usiku ule nisingelala.

Aliendelea na ubunge wake. Hakuhama chama wala hakususa. Miaka 2 baadae akafariki. Kiti chake, ambacho tangu 2015 kilikuwa kinaitwa Calgary Forest Lawn baada ya mipaka kukatwa upya, kikachukuliwa Oktoba 2019 na Jasraj Singh Hallan, wa chama hicho hicho, naye mhamiaji, mzaliwa wa Dubai.

WANAOMLAUMU WANASEMAJE?

Wapo wanaosema mtu kama yule anatumika kama pazia. Chama kinamuweka mbele kwenye picha, kisha nyuma kinapitisha sheria ngumu kwa wageni. Na ni kweli serikali ya Harper mwaka 2012 ilipunguza matibabu ya wakimbizi, na mwaka 2014 ikapitisha sheria ya kumvua uraia mtu mwenye uraia wa nchi mbili akipatikana na hatia ya ugaidi. Sehemu hiyo ilifutwa 2017 na serikali iliyofuata. Kwenye uchaguzi wa 2015 chama hicho kiliahidi hata namba ya simu ya kuripoti "mila za kishenzi". Muislamu anayesikia hayo anajua anasemwa nani. Na Obhrai muda wote huo alikuwa ndani ya chama.

Wapo wanaojibu kwamba bora awepo ndani aseme kuliko akae nje alalamike. Kama asingekuwemo 2017, nani ndani ya chama kile angesimama na kumkatalia Leitch kwa uchungu wa mtu anayemhusu?

Mie nawapa haki wote wawili. Lakini nakumbuka msemo wa wazee, aliye juu mngoje chini. Kupanda si kazi, kazi ni kuulizwa baadae ulifanya nini ulipokuwa juu.

HAKUWA PEKE YAKE

Wengine wa Afrika Mashariki walifika huko pia. Rahim Jaffer alizaliwa Kampala mwisho wa 1971, na mwaka uliofuata Idi Amin akawafukuza Wahindi Uganda kwa kuwapa siku 90. Familia yake ikakimbilia Kanada. Mwaka ule ule wa 1997, na chama kile kile cha Reform, Jaffer akashinda jimbo moja Edmonton, akiwa na miaka 25, Muislamu wa kwanza kuchaguliwa Bunge la Kanada. Alikaa mpaka 2008.

Yasmin Ratansi, mzaliwa wa Tanganyika, mwaka 2004 akawa mwanamke wa kwanza Muislamu katika Bunge hilo, yeye kwa Liberal. Alitoka kwenye kundi la wabunge wa chama chake Novemba 2020 ilipojulikana kuwa alimuajiri dada yake kwa pesa za ofisi ya jimbo. Nalitaja hili makusudi. Kuwa wa kwanza hakumfanyi mtu malaika, na wapiga kura wasimsamehe mtu kwa sababu ni mwenzao.

TURUDI KWETU SASA

Msije mkasema nawasifia Wazungu. Sisi hayo tulishayafanya zamani. Mwaka 1965 wapiga kura wa Dar es Salaam walimchagua Derek Bryceson, Mzungu, na wa Morogoro wakamchagua Amir Jamal, Muhindi mzaliwa wa Mwanza, aliyekuwa waziri wa fedha wa Nyerere miaka mingi. Waliowapigia kura ni Waafrika, wakulima na wafanyakazi, miaka michache tu baada ya kumuondoa mkoloni. Kwa hiyo kumpima mtu kwa kazi yake na si kwa nasaba yake ni jambo letu pia. Tumelisahau wapi?

Nawaambia kwa nini nauliza.

Mama yangu ni wa Micheweni. Baba yangu alikuja na ngalawa kutoka upande wa Tanga, mvuvi, akaoa hapa akakaa hapa. Mie nimezaliwa Pemba, nimesoma skuli Pemba, nimechuma karafuu Pemba. Nilipofika miaka 18 nikaenda kutafuta kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi ili nijiandikishe kupiga kura 2020. Ofisi yenyewe siitaji. Mara ya kwanza niliambiwa nilete cheti cha kuzaliwa cha baba. Baba kazaliwa ufukweni, cheti hana. Mara ya pili muhusika hayupo. Mara ya tatu nikaulizwa, "Kwani nyinyi khasa ni watu wa wapi?" Mara ya nne nikaambiwa nisubiri. Uchaguzi ukapita nimekaa barazani nawaangalia wenzangu wanakwenda kupanga foleni.

Tazameni sasa jambo hili. Mwaka 1977, mwaka ule ule Obhrai anaingia Kanada, ilianza kutumika sheria mpya ya uraia iliyosema mgeni akishakaa kihalali miaka 3 anaweza kuomba uraia. Miaka 3. Akishaupata anapiga kura, na anaweza kugombea jimbo lolote, hata asiloishi. Sisi hapa, kwa miaka mingi sharti la mpiga kura wa Zanzibar limekuwa kuishi jimboni miezi 36. Pigeni hesabu, miezi 36 ni miaka mingapi? Ni ile ile mitatu. Muda uliotosha kumfanya mgeni kutoka Oldeani awe Mkanada, ndio muda ambao hapa mtu aliyezaliwa hapa hapa anatakiwa athibitishe kwamba yeye ni wa shehia hii na si ile ya pili.

Sharti lenyewe lina maana yake, sikatai. Watu wanaogopa wapiga kura wa kuletwa na magari, na hilo si jambo la kubuni, tumelisikia kila uchaguzi. Lakini sharti likishikwa na mtu mmoja mwenye muhuri, ambaye anaweza kusema namjua au simjui, linageuka mlango wenye bawabu.

Ndio maana kwangu stori ya Obhrai ina sehemu mbili. Ya kwanza inatia moyo: kumbe mtu anaweza kutoka shamba la kahawa Karatu, akafika nchi ya theluji, akahesabiwa kama mwengine yeyote, watu wakampa kura mara 7. Ya pili inauma: hata baada ya miaka 20 ya kuhesabiwa, alipotaka kuongoza walimpa chini ya asilimia 1. Kuhesabiwa ni hatua ya kwanza tu. Kusikilizwa ni safari nyengine.

Lakini bila ya hatua ya kwanza, hiyo ya pili huiulizi. Mie bado niko kwenye ya kwanza.

Kitambulisho nilikuja kukipata, alhamdulillahi, miaka 2 baada ya uchaguzi. Nimekitia nailoni kisirowe.

Basi wadau, uwanja ni wenu. Nipeni mawazo yenu hapo chini. Je, mbunge akihama chama aondoke na kiti au akiache? Na je, muhamiaji aliyekaa miaka mingi Pemba, akawa raia kwa sheria, wewe ungempa kura yako? Jibuni kwa ukweli, si kwa adabu. Matusi nitayafuta, na wale wa kuandika kwa herufi kubwa tupu tafadhali punguzeni sauti.

Na wewe mwenzangu wa kafe, soda ilikuwa tamu. Tukutane tena kwa ubishi mwengine.